Jinsi ya kuandika maisha ya mzee aliyepita baharini, gatini na kwenye foleni ya pensheni

Ukiwa na mzee nyumbani aliyekuwa baharia wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi akafanya kazi bandarini Kilindini, Mombasa, kisha akazeeka akiwapigania wazee wenzake, watu watakuuliza habari za vita tu. Watataka nyambizi, topido, meli kuzama. Hayo ya chama cha wafanyakazi watayaruka, na ya pensheni hawatayauliza kabisa. Ukiwafuata hao utaandika theluthi moja ya mtu.

Mimi nilimwandika ndugu yake babu mzaa mama, ambaye sisi sote tulimwita Babu, na tangu hapo nimekaa na jamaa kadhaa wa Mombasa wanaotaka kuwafanyia wazee wao vivyo hivyo. Njia ninayowaeleza ni moja: mfuate mzee kwa madai yake. Kila alipofanya kazi, muulize alistahili kulipwa nini, nani alipaswa kumlipa, akalipwa au hakulipwa, naye akafanya nini. Ukiushika uzi huo utaona baharia, kuli na mzee wa baraza ni mtu yule yule, na swali lake ni lile lile tangu ana miaka 18 mpaka anapita 80.

Anza na makaratasi

Kabla hujawasha simu kurekodi, mwombe akuonyeshe makaratasi yake. Usimwambie "Babu, nataka kuandika maisha yako." Ukishasema hivyo ataketi wima na kuanza kuhutubia, na hotuba haina kitu. Mwambie, "Babu, nionyeshe kitabu chako cha meli." Atakitoa kwenye kopo la biskuti au mkoba wa ngozi uliopasuka, na kabla hajakifungua atakuwa ameshaanza kusema.

Kitabu hicho kisome taratibu, safu kwa safu. Kile walichopewa mabaharia wa meli za biashara za Waingereza kina mstari mmoja kwa kila safari: jina la meli, nambari yake rasmi, bandari iliposajiliwa, uzito wake, tarehe na mahali baharia alipoandikishwa, tarehe na mahali alipoachishwa, cheo chake, aina ya safari, na mwisho mihuri ya uwezo na mwenendo wake. Wengi huishia kwenye jina la meli. Wewe nakili nambari rasmi. Meli ikiuzwa hubadilishwa jina, lakini maadamu imo kwenye daftari la Uingereza nambari yake ni ile ile.

Nambari hiyo ndiyo itakayokufikisha kwenye nyaraka za nje. Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, London, zimehifadhi daftari za meli na mikataba ya mabaharia ya miaka ya vita kwenye mfululizo uitwao BT 381, na zimepangwa kwa nambari rasmi. Mfululizo mwingine, BT 389, una kadi zinazoonyesha kila meli ilitoka bandari gani ikaenda wapi, na huo umepangwa kwa jina la meli. Ukiwa na nambari, jina na tarehe, mtu aliyeko London anaweza kukutazamia. Ukiwa na "meli kubwa nyeusi ya Waingereza" tu, hakuna atakayekusaidia.

Akiwa na medali, tazama utepe. Nyota ya 1939–45 ina utepe wa mistari mitatu iliyo sawa: buluu nzito, nyekundu na buluu nyepesi, kwa ajili ya wanamaji, askari wa nchi kavu na wa anga. Nyota ya Burma ina mstari mwekundu katikati, buluu nzito pande zote mbili, na michirizi ya rangi ya machungwa. Jamaa wengi huhuzunika wakigeuza nyota nyuma wakakuta hakuna jina, wakadhani mzee aliiokota au aliinunua. Nyota hizo Uingereza ilizitoa bila kuandika majina. Waambie wasimshuku mzee wao.

Kisha tafuta ya nchi kavu: kipande (kitambulisho cha enzi ya ukoloni), kama alikibakisha, kadi ya chama cha wafanyakazi yenye mihuri ya michango, kadi ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), barua ya kustaafu, na nakala za barua alizowaandikia wakubwa. Zipige picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, mbele na nyuma. Usizitie laminesheni. Usizigandishe kwa selotepu, hata pale zilipochanika, kwa sababu gundi huila karatasi na baada ya miaka michache huacha doa la kahawia juu ya maandishi. Bahasha ya karatasi inatosha, na kila bahasha iandikwe juu yake kwa penseli kabla hujatia kitu ndani.

Linganisha makaratasi yenyewe kwa yenyewe. Kitabu cha meli cha Babu kilisema amezaliwa 1924. Kitambulisho chake cha taifa, ambacho umri wake ulikadiriwa na karani kwa kumtazama uso, kilisema 1931. Nilipoviweka viwili hivyo kwenye mkeka akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akaniambia, "Mjukuu wangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja atatiaje makaa kwenye tanuri la meli?" Swali hilo aliwahi kumuuliza afisa fulani dirishani, miaka mingi kabla yangu, alipokuwa akidai haki yake ya uzee. Sura nzima ya pensheni ikafunguka hapo.

Mpe miaka ya kushikia

Wazee hawakumbuki kwa kalenda ya ukutani. Wanakumbuka kwa kaskazi na kusi, kwa Ramadhani, kwa mwaka aliozaliwa fulani. Kazi yako ni kuandaa orodha ya mambo yenye tarehe za hakika, kisha kuweka kumbukumbu zake kando yake.

Kwa mtu wa Mombasa, orodha yangu huanza Aprili 1942. Mwezi huo Wajapani walishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa ndege, na manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zikahamia Kilindini chini ya Admirali James Somerville. Hapo ndipo mji ulipojaa mabaharia, na Shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Septemba 1942 majeshi yaliteremshwa Majunga, Madagaska. Tarehe 23 Novemba 1942 meli ya abiria Tilawa, iliyokuwa ikitoka Bombay kuja Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu 280 walikufa, na familia nyingi za Kihindi za pwani bado zina jina la mtu aliyekuwamo.

Kisha meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 kwenye msafara wa meli kuelekea Colombo, imejaa askari, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi, na watu wapatao 1,300 wakafa. Kama mzee wako alikuwa baharini au bandarini mwezi ule, analijua jina hilo hata kama hakulitaja kamwe nyumbani. Litaje wewe polepole, kisha nyamaza.

Kwa upande wa kazi weka mgomo wa Mombasa wa 1939, mgomo mkuu wa Januari 1947, mgomo wa gatini wa Machi 1955, uhuru Desemba 1963, kuanzishwa kwa NSSF 1965 na Katiba ya Agosti 2010.

Ramadhani ni msaada mkubwa, kwa kuwa hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 1942 iliangukia Septemba na Oktoba. Kwa hiyo mzee akikwambia, "Manowari zilikuwa zimejaa Kilindini na sisi tumefunga," una msimu na una mwaka. Akikwambia upepo ulikuwa kaskazi na bahari shwari, hapo ni kati ya Desemba na Machi. Kwa njia hiyo unaweza kuiweka hadithi mahali pake bila kumsumbua kwa "Ilikuwa mwaka gani, Babu?", swali ambalo humfanya mtu mzima ajione anafanyiwa mtihani.

Kumuuliza habari za bahari

Mtu mwenye kitabu cha meli za biashara na mtu mwenye karatasi za jeshi la majini walipita njia mbili tofauti, ingawa wote watakwambia "nilikuwa melini wakati wa vita." Lijue hilo kwanza. Baharia wa meli ya mizigo hakuwa askari kwa sheria, ijapokuwa topido haikumbagua. Ubaguzi ulikuja baada ya vita, na ulikuwa mahali pengi. Kanada, kwa mfano, mabaharia wa meli za biashara walihangaika mpaka 1992 ndipo sheria ilipowapa haki karibu sawa na za askari wastaafu, na fidia ya fedha ikatangazwa mwaka 2000, wengi wakiwa wameshazikwa. Huku kwetu nimeona wazee wakitengwa kwenye mazungumzo ya wastaafu wa vita kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hawakubeba bunduki. Mzee wako akisema kwa uchungu, "Sisi hatukuhesabiwa," jua anasema habari ya kweli, wala usimtulize. Andika.

Usimuulize "Vita ilikuwaje?" Muulize alilala wapi. Muulize alilala upande gani wa meli, juu au chini, na nani alilala juu yake. Muulize walikula nini na nani alipika. Muulize zamu yake ilikuwa ya saa ngapi mpaka saa ngapi. Babu alikuwa mtia makaa, chini kabisa kando ya boila, na nilipomuuliza kuhusu zamu alinionyesha kwa mikono: koleo, mlango wa tanuri, koleo, mlango, huku bega la kulia likishuka kila mara. Alikuwa na zaidi ya miaka 80 na bega bado lilijua. Andika mwili wa mzee unafanya nini anaposimulia, maana sauti peke yake haitakuonyesha.

Halafu ulizia mshahara, na hapa usione haya. Nani alimwandikisha, serahangi (mnyapara wa mabaharia) au ofisi? Mkataba ulisomwa kwa lugha gani? Mzungu aliyefanya kazi ile ile alilipwa sawa naye? Meli ikizama, mshahara uliendelea? Swali la mwisho lina historia nzito. Mpaka Mei 1941 baharia wa meli za biashara za Uingereza alikatiwa mshahara tangu siku meli yake ilipozama. Yule aliyekuwa akielea kwenye mashua akingoja kuokolewa alikuwa tayari hana kazi. Amri ya serikali ya mwezi huo ndiyo iliyobadilisha jambo hilo. Babu alianza safari baada ya hapo, lakini alilisikia kutoka kwa wakubwa wake melini, na alinieleza kwamba hapo ndipo alipojifunza kuuliza karatasi inasemaje kabla ya kutia kidole gumba. Ukimpata mzee kwenye jambo kama hilo, umepata kiungo kati ya bahari na chama.

Kuhusu kuzama na kufa, mwachie yeye mlango. Usiulize waliokufa wangapi. Usiulize aliona nini majini. Akifika hapo mwenyewe, zima maswali. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kama kimya kinakuwa kirefu mpaka unasikia feni. Akisema "basi," basi. Rudi siku nyingine kwa jambo jepesi: bandari alizozipenda, nguo alizonunua Bombay. Usirekodi mambo haya usiku. Wazee niliowajua walilala vibaya baada ya kuyasema, na wake zao ndio waliokesha nao.

Gatini

Hapa ndipo ningekushauri ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu ndipo palipoandikwa kidogo kwa sauti za wenyewe.

Elewa kwanza kazi yenyewe ilivyokuwa. Kuli wa zamani alikuwa kibarua: leo yupo, kesho hayupo, hana likizo wala ugonjwa wala uzee. Mwache akueleze genge lilikuwa na watu wangapi, nani alisimama kwenye winchi, nani ndani ya tumbo la meli, nani kwenye tishali (mashua ya kupakulia mizigo), ni shehena gani waliiogopa. Muulize mikono ilikuwaje baada ya siku nzima ya magunia. Muulize nani aliitwa kazini asubuhi na nani aliachwa, na kwa nini. Mambo ya chama huanzia hapo, kwenye kuachwa.

Mgomo wa 1947 ulianza tarehe 13 Januari. Watu kama 15,000 waliacha kazi: wa gatini, wa reli, wa mahoteli, mpaka watumishi wa majumbani. Walikutana kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo African Workers' Federation, chama cha wafanyakazi Waafrika, ilipopata nguvu, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mgomo ulikwisha baada ya siku kumi na mbili hivi, Eliud Mathu, Mwafrika aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alipowaomba warudi kazini, na baraza la usuluhishi likaundwa kutazama mishahara. Agosti mwaka huo huo serikali ilimkamata Kibachia ikampeleka kizuizini Baringo. Mwaka 1955 gati likasimama tena, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kijana wa miaka 24, akaja kutoka Nairobi kusimamia mazungumzo. Mishahara ikapanda kwa karibu theluthi.

Mzee wako atakwambia alisimama karibu na Kibachia, au alimshika mkono Mboya, au alikuwa rafiki wa Denis Akumu, aliyekuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa gatini. Huenda ni kweli, na huenda miaka imewasogeza wakubwa karibu naye. Usibishane naye, na pia usiliandike kama jambo lililothibitika. Andika "alisimulia kwamba," kisha umuulize yeye mwenyewe alifanya nini siku ile. Nani alikutuma? Ulibeba nini? Ulimwambia nani arudi nyumbani? Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye kitabu chochote, na ndiyo mali yako.

Na muulize bibi. Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu katika kila nyumba niliyokaa, bibi alikuwa jikoni akisikiliza, hakuna aliyemwita. Mgomo ulikuwa siku ambazo mume haleti kitu, na aliyeijua bei ya unga na deni la dukani ni mke. Bibi yetu aliuza mahamri na viazi vya karai mlangoni wakati wa mgomo wa 1955, na kumbukumbu yake ya nani alimkopesha unga na nani alimfungia mlango ilikuwa safi kuliko ya Babu. Alitaja jina la jirani aliyewasaliti. Nililiacha nje ya maandishi, kwa kuwa wajukuu wa jirani huyo bado wako mtaani, lakini kisa chenyewe nilikiweka.

Kuhakiki, tafuta magazeti. Baraza lilikuwa gazeti la Kiswahili la kila wiki lililoanza 1939, na Mombasa Times ilikuwa ya Kiingereza. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi, kwenye lile jengo la zamani la benki, na huko utapata mafaili ya idara ya kazi na ya utawala wa Pwani. Nenda ukiwa na tarehe mkononi. Ukienda na jina la mzee tu utarudi mikono mitupu, kwa sababu serikali ya kikoloni iliwaandika viongozi na wasumbufu, ikawaacha watu wa kawaida kuwa idadi. Ingawa, kama mzee wako alikuwa msumbufu, huenda yumo.

Miaka ya uzee

Watu wengi huishia kwenye kustaafu, kama kwamba mtu aliyeacha gati ameacha na kuishi. Kwa Babu, na kwa wazee wengine kama yeye, hapo kazi ilianza upya.

Ili uielewe sehemu hii, unahitaji kujua jambo moja kuhusu NSSF. Ilianzishwa 1965 kama mfuko wa akiba: mwajiri na mfanyakazi walichangia, na mtu akistaafu alilipwa fedha zake kwa mkupuo mmoja. Haikuwa pensheni ya kila mwezi. Sheria mpya ya 2013 ndiyo iliyoweka msingi wa pensheni. Kwa hiyo kuli aliyestaafu miaka ya sabini au themanini alipokea fedha mara moja, akaezeka nyumba au akamwoza mtoto, kisha akaishi miaka thelathini mingine bila senti. Bila kulijua hilo utadhani wazee hao walikuwa wabadhirifu. Muulize mzee wako alipata nini, lini, na ilikwenda wapi. Ni swali la heshima ukiliuliza kwa heshima.

Babu aliwaandikia barua wenzake. Alikaa barazani alasiri, baada ya Asr, na wazee walikuja na mifuko yao ya plastiki yenye makaratasi. Mmoja alikatwa miaka ya kazi kwa sababu jina lake liliandikwa kwa herufi tofauti kwenye kadi mbili. Mwingine hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kwa maoni ya ofisi hakuwa mzee. Babu aliwafundisha kutafuta karatasi ya zamani kuliko kitambulisho: kadi ya hospitali, cheti cha ubatizo, hati ya ndoa ya kadhi, kitabu cha meli. Kila barua aliandika nakala, na nyuma ya nakala aliandika tarehe aliyoipeleka na jina la aliyeipokea. Ukipata nakala kama hizo, una shajara ya utetezi wake, siku kwa siku, hata kama hakuwahi kuandika shajara.

Usiziweke barua zote kwenye maandishi yako. Chagua mbili: moja aliyoshinda na moja aliyoshindwa, na uziweke nzima, na salamu zake na "Mimi wako mtiifu" yake.

Babu aliishi akaiona Katiba mpya. Aliniomba nimsomee Kifungu cha 57, kinachosema dola itahakikisha wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo ya kuridhisha kutoka kwa familia na dola. Akaniuliza mzee ni nani kwa mujibu wake. Nikamsomea Kifungu cha 260: aliyefikisha miaka 60. Akaniambia niandike vifungu vyote viwili kwenye karatasi ndogo aitie mfukoni mwa kanzu, aende nayo. Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine, zilipanuliwa 2018, na yeye hakuwahi kuzipokea. Lakini wazee aliowaandikia barua, wale waliokuwa vijana kidogo kwake, walizipokea, na kwenye maisha yake hilo nimeliandika kwa herufi kamili, kwa sababu ni sehemu ya aliyoyadai.

Unapokaa kuandika

Tumia lugha yake. Babu alisema Kimvita, lahaja ya Mombasa, na nilipoandika alivyosema, "Twali tukilala na nguo zetu mwilini, viatu kando ya kichwa," binamu yangu mmoja aliyesoma alitaka niisanifishe. Nilikataa, na wewe kataa. Kwenye masimulizi yako mwenyewe andika unavyoandika kila siku, lakini kinywa cha mzee kiache.

Ondoa sifa, weka matendo. Kwenye rasimu ya jamaa mmoja nilikuta: "Alikuwa shujaa aliyetetea haki za wanyonge bila kuchoka." Sentensi hiyo inamfaa mtu yeyote na kwa hiyo haimhusu mtu yeyote. Nilimuuliza jamaa huyo, baba yake alifanya nini hasa wakati wa mgomo, tukaandika: "Jioni alizunguka Majengo na daftari la mistari, akabisha hodi kila mlango na kuuliza kama kuna unga. Palipokosekana aliweka alama ya msalaba, na asubuhi vijana walipita na kibaba." Ushujaa umo humo, na msomaji atauona mwenyewe.

Mpangilio si lazima uanze alipozaliwa. Mimi nilianzia barazani, kwenye barua, kisha nikarudi baharini. Chagua mahali ambapo dai lake lilikuwa kali zaidi, uanzie hapo. Na usiisawazishe mizani kati ya sehemu tatu. Kama alikaa baharini miaka mitatu na gatini miaka thelathini, kurasa zifuate.

Ukimaliza msomee kwa sauti, akiwa na wenzake ikiwezekana. Wazee wakikaa pamoja husahihishana: huyu atasema haikuwa meli ile, yule atasema winchi iliyokatika ilikuwa gati namba nyingine. Rekodi na mabishano hayo. Palipo na kauli mbili zisizopatana na huna karatasi ya kuamua, ziandike zote mbili na useme nani alisema ipi.

Ruhusa uichukue kwa sauti yake, mwanzoni mwa kurekodi: jina lake litumike au lisitumike, yapi yasomwe na watu wa nje, yapi yakae kwenye familia, na nani aamue akishatangulia mbele ya haki. Majina ya watu waliokosana naye yabaki kwenye nakala ya nyumbani tu. Chapisha kwenye karatasi, maana simu hupotea: nakala moja kwa mtoto mkubwa, moja kwa tawi la chama chake, moja uiombee nafasi kwenye Nyaraka za Taifa. Picha za zamani ziandike nyuma kwa penseli laini, kutoka kushoto kwenda kulia. Ambaye hamkumtambua, andikeni "hajulikani," mahali na mwaka mnaokadiria, kisha mpeleke picha hiyo gatini mkawaulize wastaafu wengine.